Kosa si letu, lakini mukono wetu unaweza kulitengeneza

Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana kwenye mukutano wa Jumamosi



Tunajua wengine mumetembea kwa miguu juu pesa ya motari haikupatikana. Tutajaribu kusema maneno yenye kufaa, ili safari hiyo isikuwe ya bure.

Sisi wenye tunaongea hapa tuko kikundi kidogo. Tulimaliza iniversite, diploma iko ndani ya farde nyumbani, kazi haiko. Munatujua, juu wengi wenu muko vilevile. Leo hatukuja kulia juu ya ukosefu wa kazi, hiyo tunalia kila siku. Tumekuja kuongea juu ya kazi moja yenye iko wazi usiku na mchana, yenye haiombi barua ya mukubwa fulani: kutengeneza makosa ndani ya kerneli ya Linux na draiva zake.

Tunasikia tayari mutu nyuma anasema: hayo ni mambo ya Ulaya, yanatuhusu nini? Ni ulizo nzuri. Tuanzie hapo.

Kila mwenye ana simu ya Android aiguse mfukoni. Ndani ya simu hiyo kuko kerneli ya Linux. Kerneli ni programu ya chini kabisa, yenye inakaa katikati ya chuma na programu zingine zote. WhatsApp ikitaka kuweka picha kwenye memori, inaomba kerneli. Programu mbili zikitaka kutumia akili ya mashini wakati mumoja, kerneli njo inagawanya. Draiva ni kipande cha kerneli chenye kinajua lugha ya kifaa kimoja: hii inajua wifi, ile inajua kamera, ingine inajua batri. Wafundi wa hapa wengi wanaiita piloti. Ni kitu kimoja.

Linux ilianza mwaka 1991. Mwezi wa 8 mwaka huo, mwanafunzi mumoja wa Helsinki, Linus Torvalds, mwenye miaka 21, alitangaza kwa watu wengine kwamba anatengeneza mfumo endeshi, kwa kujifurahisha tu. Toleo la kwanza lilikuwa na mistari kama 10,000. Mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni ya GPL, maana yake kila mutu ana haki ya kuisoma, kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, ila naye akiigawa asifungie wengine mulango. Hiyo njo tunaita programu huria. Leo kerneli imepita mistari milioni 30, na zaidi ya nusu ni draiva. Tangu mwezi wa 11, 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi kwenye orodha ya dunia zinatumia Linux. Zote, hakuna hata moja yenye ilibaki inje.

Sasa tufikirie kidogo. Koltani yenye inatoka Masisi inaishia ndani ya kondansateri ndogo za simu. Kwa hiyo simu moja iko na vitu viwili: udongo wa kwetu, na kerneli. Udongo, watu wanatoka mbali sana kuja kuuchukua. Kerneli iko wazi, kila mutu anaweza kuingia na kuiangalia, na sisi hatujaigusa. Tunajulikana duniani kwa kile kinatoka chini ya miguu yetu. Kwa kile kinatoka kichwani mwetu, bado.

Kuko na sababu ingine, ya karibu zaidi. Mashini zenye tunatumia, karibu zote ni za okazyoni. Zinatoka Ulaya, zinapita Dubai, zinafika sokoni na kioo kimepasuka kidogo. Mwezi wa 10, 2025, Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na mashini nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Zikitupwa kule, njia ya vitu vya kutupwa sisi tunaijua: inaishia kwenye soko letu. Mashini hizo bado zinaweza kufanya kazi miaka mingi na Linux. Lakini ukiweka Linux, utakuta hii wifi haiamuki mashini ikisha kulala, ile sauti haitoki. Hapo njo kuko draiva yenye kosa. Ulizo ni moja tu: nani atalitengeneza? Mutu wa Ulaya hana tena mashini hiyo, alishaiuzisha. Mwenye iko nayo ni wewe.

Tuseme sasa namna kazi yenyewe inafanyika, juu wengi wanafikiri ni uchawi.

Tukamate mufano wa wifi yenye haiamuki. Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Kerneli inaandika kila kitu chenye kinaipata, na kwa amri moja, dmesg, unasoma kitabu chake. Mara nyingi draiva inasema yenyewe: nimeita kifaa, hakijaitika. Hatua ya pili ni kujaribu kerneli mupya zaidi, juu pengine kosa lilishatengenezwa na wewe uko na toleo la zamani. Hapo kazi imeisha, na usione haya: kujua kwamba kosa liliisha, nayo ni kazi.

Kama kosa liko bado, unajiuliza: kuko toleo la zamani lenye wifi ilikuwa inaamuka vizuri? Ikiwa liko, umepata njia nzuri kuliko zote. Musikilize vizuri hapa.

Fikiri gunia ya maharagi inatoka kijijini, inapita bariyeri 16, inafika mujini na kilo pungufu. Hautaenda kuuliza bariyeri zote moja kwa moja. Unapima gunia kwenye bariyeri ya 8. Ikiwa kilo ziko kamili, mwizi yuko mbele, kati ya 9 na 16. Ikiwa zimepunguka, yuko nyuma. Unakata tena katikati. Kwa mapimo mane umemupata. Kerneli inafanya vilevile. Kati ya toleo moja na lingine kunaweza kuwa mabadiliko kama 16,000. Chombo kinaitwa git bisect kinakata katikati, unajenga kerneli, unajaribu wifi, unasema nzuri ao mubaya, kinakata tena. Kwa majaribio 14 hivi unafika kwenye badiliko moja, lenye jina la mwenye aliliandika, tarehe, na sababu alitoa. Mabadiliko 16,000, majaribio 14! Na kwa kazi hii hauhitaji kuandika hata mustari mumoja wa kodi. Tunasema kodi ya programu, si ile wanatuomba kwenye bariyeri.

Munaona kwamba hesabu hii mutu wa sekondari anaielewa. Chenye inaomba ni uvumilivu, na saa. Na saa, tuseme ukweli, sisi bashomeri tuko nazo.

Najua mutasema: na umeme? Na mega? Ni kweli. Kujenga kerneli nzima kwenye mashini ya zamani kunaweza kukula siku nzima. Lakini kuko amri yenye inaangalia draiva gani mashini yako inatumia kweli, na kuacha zingine zote: make localmodconfig. Kazi inapunguka sana. Na umeme ukikatika katikati, ukirudi, ujenzi hauanzi upya, unaendelea na vipande vyenye vilikuwa vimebaki. Historia yote ya kerneli ni gigabaiti kadhaa, ni mega nyingi kwa mutu mumoja. Lakini mutu mumoja akiishusha, anaifunga ndani ya faili moja, anaipana kwa wengine kwenye diski. Hatuna sababu ya kulipa watu kumi kwa kitu kimoja. Kisha hapo, kutuma marekebisho kunapita kwa barua pepe ya maandishi matupu, bila picha, bila rangi. Ni kilobaiti chache. Neti yetu ya hapa, hata vile munaijua, inaweza kubeba hiyo.

Ukisha kupata chanzo, unapasha habari. Ndani ya kerneli kuko faili inaitwa MAINTAINERS, inaandika kila kipande na majina ya wenye wanakilinda. Hautupi malalamiko hewani. Unaandikia mwenye anahusika, unamuambia mashini ni gani, toleo gani, ulifanya nini, uliona nini, badiliko gani lilileta shida. Ukiweza kuandika kiraka mwenyewe, unakituma. Kikikubaliwa kinaingia kwenye kerneli kubwa, na kama ni dawa ya kosa la kweli, kinaweza kurudishwa pia kwenye matoleo ya zamani yenye watu bado wanatumia, chini ya ulinzi wa Greg Kroah-Hartman na wenzake. Hapo sheria ni kali: kiraka kisipite mistari 100, na kiwe tayari kimeingia kwenye kerneli kubwa. Kidogo, wazi, chenye kimejaribiwa.

Sasa, wandugu, tuko na mambo matatu ndani ya kazi hii yenye yametugusa kuliko kodi yenyewe.

La kwanza ni sahihi. Tangu 2004, kila badiliko linabeba mustari wa sahihi, jina na anwani ya mwenye alilituma. Kwa sahihi hiyo unasema: kazi hii niko na haki ya kuitoa, na ninaitoa chini ya leseni hii. Na kila mulinzi mwenye anaipitisha anaongeza jina lake chini. Miaka kumi kisha, mutu yeyote anaweza kuuliza: mustari huu uliingia namna gani? Atapata majina yote. Sisi tunaishi mahali penye barabara inaharibika miezi sita kisha kufunguliwa, na ukiuliza nani aliipokea kazi hiyo, kila mutu anaangalia pembeni. Tulipoona mufumo wenye kila mustari iko na mwenyewe, tulinyamaza kidogo.

La pili ni namna wanataja kosa. Kiraka chenye kinaponya kosa kinaandika pia ni badiliko gani lililileta. Jina la mutu linaonekana hapo, mara nyingine ni jina la mukubwa kabisa. Hakuna mwenye anakamatwa, hakuna mwenye anatukanwa juu ya hiyo. Inaandikwa ili wajue matoleo gani yanahitaji dawa. Kwetu, kusema kosa la mutu ni kumutangazia vita. Njo maana makosa yanakaa.

La tatu: hauna haki ya kuharibu kile kilikuwa kinatembea. Hata kama kodi yako ni nzuri, hata kama uko na sababu, kama mashini ya mutu ilikuwa inafanya kazi jana na leo haifanyi juu yako, wewe njo uko na deni. Sheria hii wanaishikilia sana. Inalinda mutu mudogo wa mwisho, mwenye hajui hata kerneli ni nini.

Lakini hatukuja hapa kuuza ndoto. Wauza ndoto tuko nao wengi. Kuko mambo ine munapaswa kujua.

Mosi: wengi wenye wanaandika kerneli leo wanalipwa na makampuni, kama Intel, Red Hat, Google. Mwenye anaanza halipwi. Kuko programu za kufundisha kwa mbali, Linux Foundation iko na moja ya kutengeneza makosa ya kerneli, na Outreachy inapana posho kwa wenye wanachaguliwa. Lakini nafasi ni chache na wenye kuomba wanatoka dunia nzima. Mutu akikuambia ulipe dola 50 ili akuingize, mukimbie.

Pili: kuwa wazi hakutoshi. Mwaka 2016 walitengeneza kosa moja kubwa, linaitwa Dirty COW, lenye lilimuruhusu mutu mudogo kwenye mashini ajifanye mukubwa wa mashini. Lilikuwa ndani tangu 2007. Miaka tisa! Torvalds mwenyewe alieleza kwamba miaka kumi na moja mbele ya hapo alijaribu kulitengeneza, halafu dawa ile ikaondolewa juu ilileta shida kwenye mashini za aina ingine. Kodi ilikuwa wazi wakati wote huo. Mulango ukiwa wazi na hakuna mwenye anaingia, ni sawa na mulango umefungwa. Na simu za Android nazo ziliguswa. Simu nyingi za zamani hazipati tena marekebisho, na simu za zamani tunajua ziko mikononi mwa nani.

Tatu: maneno yanaweza kuwa makali. Mwezi wa 9, 2018, Torvalds aliomba musamaha kwa namna alikuwa anaongea na watu, akapumzika kidogo, na kerneli ikapata sheria ya adabu. Hali imekuwa nzuri kidogo. Lakini kiraka chako cha kwanza kitarudishwa. Cha pili pia pengine. Watakuambia sentensi haieleweki, nafasi haziko sawa, hukujaribu vya kutosha. Kurudishwa si kukataliwa. Unatengeneza, unaandika toleo la pili, la tatu, unatuma tena.

Ine: siasa inafika hata kule. Mwezi wa 10, 2024, majina ya walinzi kadhaa wa Urusi yaliondolewa kwenye ile faili MAINTAINERS, juu ya vikwazo vya serikali. Kila mutu anaweza kuwa na wazo lake juu ya vita ile. Sisi tunasema tu: musifikiri kuko mahali duniani penye mikono ya wakubwa haifiki. Kodi ilibaki wazi kwa wote, lakini kiti cha mulinzi kinaweza kuondolewa.

Juu ya nini basi tunawaomba mujaribu? Juu hata na hayo yote, ni moja ya kazi chache zenye tunajua penye ushuhuda wako hauwezi kuibiwa. Dosye yako inaweza kupotea kwenye biro fulani. Kiraka kikiingia, jina lako linakaa ndani ya historia ya kerneli, na nakala yake iko kwenye mashini nyingi sana duniani. Siku mwenye kutoa kazi atakuuliza unajua nini, hautamuonyesha diploma tu. Utamuonyesha kosa, namna ulilitafuta, na dawa.

Wengine wanajiogopea: mimi nilisoma sheria, mimi nilisoma uchumi. Con Kolivas ni munganga wa Australia, kazi yake ni kulalisha wagonjwa mbele ya upasuaji. Kodi alijifunza mwenyewe. Mawazo yake juu ya namna ya kugawanya wakati wa mashini yalichochea mabadiliko makubwa ndani ya kerneli mwaka 2007. Kiraka chake mwenyewe hakikuchaguliwa, walichukua cha mwingine chenye kilifuata wazo hilo, na aliumia. Tunasema yote mawili, juu yote mawili ni kweli.

Tuko na mapendekezo matatu, na tunataka tutoke hapa na majina kwenye karatasi.

Kwanza, tuandike orodha ya mashini zetu. Kila mutu alete yake, tuiwashe na Linux kutoka kwenye kle USB bila kufuta kitu, tuandike: wifi sawa, sauti sawa, kulala na kuamuka, batri. Chenye hakitembei tukiandike na maneno ya dmesg. Hiyo peke yake ni hazina. Mulinzi wa draiva kule mbali hana mashini hizi. Anahitaji mutu wa kujaribu kiraka chake na kusema kinatembea ao hapana, na mutu huyo jina lake linaandikwa pia.

Pili, tukamate draiva moja, moja tu, ya kifaa chenye kinaonekana mara nyingi kwenye orodha yetu, na tuisome pamoja kila Jumamosi. Musianze kutuma viraka vya kusogeza nafasi na vikoma ili tu muone jina lenu. Vinachosha walinzi na havimusaidii mutu.

Tatu, lugha. Maelezo ya kerneli yametafsiriwa kwa Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano, Kihispania. Kiswahili hakiko. Mamilioni ya watu kutoka hapa mupaka pwani wanaongea lugha hii, na hakuna ukurasa hata mumoja wenye unamuambia kijana namna ya kupasha habari ya kosa. Tunapendekeza tuanze na ukurasa huo. Wenye walisoma lugha na walifikiri leo hakuna chenye kinawahusu, hapa njo tunawahitaji. Tutabishana juu ya maneno, tunajua. Tubishane.

Hatuahidi kazi. Hatuahidi pesa. Tunaahidi kwamba kisha miezi sita, mwenye atakuja kila Jumamosi atajua kutafuta chanzo cha kosa bila kubahatisha, na kuandika ushuhuda wenye mutu wa mbali anaweza kuuhakikisha. Akili ya namna hiyo itamufaa hata siku hatagusa tena mashini.

Jumamosi ijayo, saa nane, hapahapa. Mwenye ana diski ya inje ailete, tutamuwekea historia ya kerneli. Na musilete mashini zenu nzuri. Muleteni ile mbovu, yenye wifi yake imekataa.